Uhalisia pepe katika vyuo vya ufundi: hesabu ianzie karakanani

Mwaka 2016 mtu aliyetaka miwani ya uhalisia pepe, yaani ile inayomwonyesha mvaaji dunia ya kuigiza kana kwamba yumo ndani yake, ya aina ya Oculus Rift alilipa dola 599, kisha akalazimika kuwa na kompyuta yenye nguvu iliyogharimu zaidi ya miwani yenyewe. Oktoba 2024 kampuni ya Meta ilitoa Quest 3S kwa bei isiyofika dola 300, nayo haihitaji kompyuta, kwa kuwa prosesa, betri na kamera zake zote zimo ndani. Bei imeshuka na mjadala umeshuka nayo, kutoka ofisi za usalama za makampuni makubwa ya migodi hadi kwenye meza za wakuu wa shule za ufundi wa hapa Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo (DRC). Wapo wanaoamini kwamba shule isiyo na karakana hatimaye imepata karakana ya kuvaa kichwani. Wapo pia wanaosema kwamba hayo ni michezo ya watoto wa matajiri, na kwamba hakuna fundi aliyepatikana kwa kutazama picha. Sikubaliani na upande wowote kati ya hizo mbili, ingawa simlaumu kila mmoja kwa kiasi kile kile. Ninavyoona, uhalisia pepe una faida ya kweli katika mafunzo ya ufundi, lakini faida hiyo huonekana pale tu ambapo karakana na mwalimu vipo tayari. Kwa hiyo shule inayoitamani miwani kuliko nyingine zote, yaani ile isiyo na mashine wala vifaa, ndiyo itakayofaidika nayo kidogo zaidi.

Tuanze na historia, kwa sababu wengi wanalijadili jambo hili kana kwamba limezaliwa jana. Mwaka 1929 Edwin Link, Mmarekani aliyefanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha kutengeneza ogani, alichukua mifuko ya hewa na pampu za ogani akaunda sanduku lenye mabawa mafupi, ambalo liliinama na kugeuka kadiri mwanafunzi alivyoshika usukani. Miaka ya mwanzo aliuza masanduku hayo zaidi kwa viwanja vya burudani. Mapema mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na katika muda mfupi zaidi ya wanajeshi 10 wakafa katika ajali, wengi wao wakiwa hawakuzoea kuruka gizani na mawinguni kwa kutegemea vipimo peke yake. Ndipo jeshi likanunua masanduku 6 ya Link. Tuzingatie kilichonunuliwa hapo: kifaa cha kuziba pengo moja linalojulikana, yaani kusoma vipimo bila kuona nje, kwa watu ambao tayari walikuwa na ndege, viwanja na wakufunzi. Hakuna aliyependekeza kwamba rubani apewe cheti kabla ya kuruka.

Miaka iliyofuata ilileta swali la gharama: je, saa moja ndani ya simuleta, yaani mashine ya kuigiza kazi halisi kama lile sanduku la Link, inaokoa dakika ngapi za ndege halisi? Mwaka 1971 Stanley Roscoe, mtafiti wa saikolojia ya urubani, alionyesha kwamba jibu hubadilika kadiri saa zinavyoongezeka. Saa za kwanza huokoa nyingi, zinazofuata huokoa kidogo zaidi, na mwishowe hufika mahali ambapo saa ya ziada ndani ya sanduku inagharimu kuliko kile inachookoa. Hoja hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 50, na bado sijakutana na muuzaji wa miwani anayeianza hotuba yake hapo. Kwa mkuu wa shule ya ufundi ndiyo hoja yenye manufaa kuliko zote, kwa sababu inamwondoa kwenye swali la kama kifaa kinashangaza na kumpeleka kwenye swali la ni nini hasa kitakachopungua kutumika karakanani, na kwa muda gani.

Huku kwetu karakana zina historia yao. Wasalesiani, watawa wa Kikatoliki, walifika Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) mwaka 1911 na kufungua mafunzo ya ufundi, na kampuni ya migodi ya Union Minière, kisha Gécamines ya serikali baada ya mwaka 1967, ilijenga mfumo wake wenyewe wa kuwafundisha vijana kazini, ambapo mwanagenzi alisimama kando ya fundi mkuu miaka kadhaa kabla ya kukabidhiwa mashine peke yake. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilizalisha karibu tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 ilikuwa imeanguka chini ya tani 50,000. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na pamoja nao uliondoka ule mnyororo wa mkono kwa mkono. Leo shaba imerudi kwa wingi kuliko wakati wowote, kwani mwaka 2024 nchi ilizalisha zaidi ya tani milioni 3, na sheria ya mwaka 2017 kuhusu kazi za mikataba midogo, yaani zile ambazo kampuni kubwa huzikabidhi kwa kampuni nyingine, inadai kwamba kazi hizo ziende kwa makampuni ya Wakongomani. Kazi ipo, basi. Kinachokosekana ni mtu wa kuifanya kwa kiwango kinachodaiwa, na sababu yake inajulikana: shule nyingi za ufundi zinafundisha uchomeleaji kwa chaki. Kijana anachora mshono ubaoni, anakariri pembe na ampea, na siku anapoishika bageti (fimbo ya kuchomelea) kwa mara ya kwanza huwa tayari ana diploma mfukoni.

Tukitazama mafunzo hayo kwa karibu, tutaona kifaa kinaingia wapi na kinaishia wapi. Mwanafunzi anayeanza kuchomelea hugusa chuma, na bageti inaganda. Anaivuta kwa nguvu, ganda la nje linapasuka, na bageti iliyobaki haifai tena. Akifanikiwa kuwasha, anaishika mbali mno na cheche zinatawanyika, au anakimbia na mshono unakuwa mwembamba, au anachelewa na bati linatoboka. Mwalimu amesimama nyuma yake akiwa na wanafunzi wengine wengi wanaosubiri, na chini ya barakoa nyeusi huoni vizuri mkono wa mwanafunzi ulifanya nini. Unaona matokeo tu, baada ya kugonga lile ganda jeusi kwa nyundo. Simuleta ya uchomeleaji hutatua sehemu hii vizuri sana. Mwanafunzi anashika bunduki ya kuchomelea au koleo lenye kihisi, na kila anapomaliza mshono anaonyeshwa njia ya mkono wake sentimita kwa sentimita: hapa uliinua, hapa uliharakisha, hapa pembe ilizidi. Anarudia mara nyingi apendavyo, wala hakuna bageti iliyotupwa. Mkono unazoea mwendo na umbali kabla haujakutana na moto.

Lakini moto una mambo yake. Ndani ya miwani hakuna joto linalopanda kwenye kifundo cha mkono, wala cheche inayoingia kwenye kiatu, wala chuma kinachopinda kikipoa na kuvuta mshono wote upande mmoja. Zaidi ya hayo, simuleta hudhani kwamba umeme ni ule ule tangu asubuhi hadi usiku. Fundi wa mitaa yetu ya Katuba au Ruashi anayetengeneza milango kando ya barabara anajua kwamba jioni volti hushuka, na hajui kwa kutazama kipimo, kwa kuwa mara nyingi hana. Anasikia. Mshono mzuri unatoa sauti kama ya mafuta yanayokaanga taratibu. Umeme ukipungua sauti inakatika-katika, naye anapandisha ampea au anafupisha umbali bila hata kuacha mazungumzo aliyokuwa nayo na mteja. Ujuzi huo hautoki kwenye programu iliyoandikwa kwa karakana ya nchi nyingine, na kwa kweli sioni ni nani atakayejishughulisha kuuandika.

Utafiti kuhusu jambo hili hili upo, nao unaheshimu mpaka huo. Mwaka 2011 Richard Stone na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa walilinganisha wanafunzi waliofundishwa uchomeleaji kwa njia ya kawaida na wengine waliogawanya muda wao nusu kwa nusu kati ya simuleta na karakana. Kundi lililochanganya lilifanya vizuri zaidi na kutumia vifaa vichache. Mwaka 2013 walitoa matokeo ya swali linalofuata, yaani itakuwaje wanafunzi wakijifunza ndani ya simuleta peke yake. Katika mishono rahisi na ya wastani hawakuachwa nyuma, lakini katika mshono mgumu kuliko yote walizidiwa na wale waliochanganya. Makundi yalikuwa madogo na mazingira yalikuwa ya chuo chenye kila kitu, kwa hiyo haifai kuyachukua matokeo hayo kama sheria. Hata hivyo mwelekeo wake unakubaliana na hesabu ya Roscoe na unakubaliana na kile ambacho fundi yeyote angekueleza. Na ni vema kukumbuka kwamba makampuni ya migodi hayamlipi mtu kwa mshono rahisi. Yanamlipa kwa bomba lisilozungushwa, linalochomelewa kutoka chini kwenda juu, mahali pa kubana.

Zipo kazi ambazo hoja ya miwani ni nzito zaidi kuliko katika uchomeleaji, nazo ni zile ambazo kosa la kwanza linaweza kuwa la mwisho. Fundi umeme anayeingia katika kituo cha volti maelfu anapaswa kukata, kufunga kwa kufuli, kupima, kuunganisha na ardhi, kwa mpangilio huo huo kila mara. Huwezi kumruhusu mwanafunzi akosee hatua moja ili aone kinachotokea. Katika uhalisia pepe unaweza, na anakumbuka. Vivyo hivyo kwa dereva wa lori la mgodi lenye uzito wa tani mia na zaidi, au kwa mchimbaji wa chini ya ardhi anayejifunza njia ya kutoroka moshi ukitanda. Hapa simuleta inafanya kitu ambacho karakana bora kuliko zote haiwezi kukifanya. Ningekuwa na fedha za kununulia chuo kimoja tu seti ya miwani, ningeanza na idara ya umeme kabla ya uchomeleaji, ingawa picha za uchomeleaji ndizo zinazopendeza katika matangazo.

Sasa kwa wanaoshangilia. Hoja inayorudiwa kuliko zote ni kwamba mwanafunzi hujifunza mara 4 kwa kasi zaidi akiwa na miwani. Takwimu hiyo ina mwenyewe: inatoka katika ripoti ya kampuni ya ushauri ya PwC ya mwaka 2020. Lakini waliofunzwa katika jaribio hilo hawakuwa mafundi. Walikuwa wasimamizi wa ofisi nchini Marekani, na somo lilikuwa jinsi ya kuongoza watu bila ubaguzi. Kuichukua namba iliyopimwa kwa mtu anayejifunza mazungumzo na kuibandika kwa kijana anayejifunza kusawazisha shafti kwenye tono (mashine ya kuchongea vyuma) ni udanganyifu, hata kama anayefanya hivyo anadhani anatangaza maendeleo. Ripoti hiyo hiyo ilisema jambo jingine ambalo halirudiwi, nalo ni kwamba gharama ya miwani ililingana na ya darasa pale tu wanafunzi walipofika 375. Karakana ya shule ya ufundi ya kawaida mjini hapa haina wanafunzi 375 wa fani moja.

Wanaopinga nao wana hoja dhaifu, tena ndiyo wanayoitanguliza: umeme haupo. SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, inakata, delestaji (mgao wa umeme) ni ya kila wiki, kwa hiyo miwani itakaa kabatini. Hesabu inakataa. Mashine inayochomelea kwa ampea 120 inavuta takriban kilowati 4. Chaja ya miwani ya aina ya Quest haifiki wati 20, na betri ikijaa inatosha kwa saa 2 hivi za kazi. Paneli ndogo ya jua kama zile zinazouzwa sokoni kwa ajili ya taa na simu inaweza kuchaji miwani kadhaa kwa siku, lakini haiwezi kuwasha hata mashine moja ya kuchomelea. Maana yake ni kwamba siku umeme unapokatika, miwani ndiyo itakayobaki ikifanya kazi na karakana ndiyo itakayosimama. Aliyeishi Lubumbashi atajua kwamba siku kama hizo si chache, na kwa sasa saa zake huishia uani chini ya mwembe. Anayetaka kuipinga miwani kwa haki atafute hoja nyingine.

Na zipo. Programu nyingi za mafunzo zimeandikwa kwa Kiingereza, chache kwa Kifaransa, na mwalimu wetu anafundisha kwa Kifaransa akifafanua kwa Kiswahili. Sauti inayozungumza ndani ya miwani inapotumia lugha ya tatu, mwanafunzi anafuata picha na kupoteza sababu. Baadhi ya watu hupatwa na kichefuchefu baada ya dakika chache, kwa kuwa macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani halikuusikia, na mwalimu wa wanafunzi 40 hawezi kulipuuza hilo. Lakini pingamizi ninaloliona zito kuliko yote ni umri wa kifaa. Mwaka 2018 kampuni ya Walmart ilitangaza kusambaza miwani 17,000 ya Oculus Go kwa ajili ya kufundisha wafanyakazi wake. Mwaka 2020 mtengenezaji alitangaza kuacha kuiuza. Google ilifunga Expeditions, programu yake ya uhalisia pepe kwa mashule, mwaka 2021. Microsoft iliacha kutengeneza miwani yake ya HoloLens 2 mwaka 2024. Kampuni kubwa inaweza kumeza hasara hiyo. Shule inayotegemea karo za wazazi haiwezi, hasa inapokumbuka kwamba tono nzuri ikitunzwa hufanya kazi miongo mingi, na ikiharibika kuna mtu katika mtaa wa Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anayeweza kuichongea kipuri. Miwani iliyonyimwa masasisho haina wa kuichongea chochote. (Kwamba betri yake huenda ina kobalti iliyotoka migodi ya jirani ya Kolwezi ni jambo ambalo halimpunguzii mteja wa Lubumbashi hata senti.)

Kuhusu mwalimu, mjadala umekwenda kombo zaidi. Wengi wanauliza kama miwani itamwondoa kazini. Jibu limo katika jaribio linalotajwa mara nyingi katika elimu ya upasuaji, lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2002. Madaktari wanafunzi 16 waligawanywa katika makundi mawili. Waliofanya mazoezi katika simuleta kabla ya kuondoa mfuko wa nyongo walimaliza hatua iliyopimwa kwa kasi zaidi kwa asilimia 29, na wale ambao hawakuyafanya walikuwa na uwezekano mara 5 zaidi wa kujeruhi mfuko wenyewe au kuunguza mahali pasipostahili. Kinachosahaulika ni namna mazoezi yalivyopangwa. Wanafunzi hawakupewa idadi ya saa. Waliendelea mpaka wafikie kiwango kilichowekwa na madaktari wazoefu waliopimwa kwanza kwenye simuleta ile ile. Bila mzoefu, mashine haijui mazoezi yaishie wapi. Kwa hiyo chuo kinachonunua miwani kitahitaji fundi mkuu zaidi ya hapo awali, maana yeye ndiye atakayeiambia mashine mshono unaokubalika ukoje. Mafundi hao bado wapo mjini. Baadhi ni wastaafu na waliopunguzwa wa Gécamines, ambao leo wanarekebisha jenereta na mageti, na sijasikia pendekezo lolote la ununuzi wa miwani lenye mstari wa malipo yao.

Fedha si jambo lisilowezekana. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inayataka makampuni ya migodi kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazoyazunguka, na waajiri wanachangia INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa kiasi kinachohesabiwa kutokana na mishahara. Hatari ni kwamba miwani inapigwa picha vizuri kuliko pakiti za bageti. Kampuni itapenda kukabidhi masanduku meupe mbele ya kamera, shule itapokea, na baada ya hapo mtu atauliza kwa nini bajeti ya vifaa isipunguzwe ilhali mazoezi sasa ni ya bure. Hapo ndipo kifaa kitakapokuwa kimegeuzwa kuwa kisingizio. Kamati ya shule inayopokea msaada wa namna hiyo ingepaswa kudai kwamba mkataba utaje vyote kwa pamoja: miwani ngapi, na kwa kila miwani pakiti ngapi za bageti, mabati ya mazoezi, saa za fundi mkuu na skrini ya kumwonyesha mwalimu anachokiona mwanafunzi. Mtoaji asiyetaka kulipia bageti aombwe kubaki na miwani yake.

Wala hatuhitaji kusubiri watafiti wa Iowa watuamulie. Kipimo cha kukunja ni cha zamani na hakina gharama kubwa: vipande viwili vya chuma vinachomelewa pamoja, mshono unakatwa vipande vyembamba, kila kipande kinakunjwa kwenye presi, na mshono mbovu unapasuka mbele ya macho ya wote. Kitivo cha Politekiniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kusimamia jambo hilo bila kuagiza mtaalamu kutoka nje. Chukua shule mbili au tatu zenye karakana inayofanya kazi, gawa wanafunzi wa mwaka mmoja katika makundi mawili, wape bageti kwa hesabu iliyoandikwa, kundi moja litangulie na miwani katika majuma ya kwanza na jingine lifuate njia ya kawaida, kisha vipande vikunjwe na fundi asiyejua kipi kimetoka wapi. Matokeo, pamoja na idadi ya bageti zilizotumika kila upande, yabandikwe mlangoni mwa shule kabla ya mtu yeyote kutia sahihi ya kununua seti ya pili.